Hita ya Gesi Nyumbani: Kazi Yako na Kazi ya Fundi

Baridi ya Minnesota imeanza kuuma, na katika nyumba nyingi hita imeshaanza kunguruma kule chini. Katika toleo hili tunaieleza mashine hiyo: inavyofanya kazi, mambo unayoweza kuyarekebisha mwenyewe, na mambo ambayo hupaswi kuyagusa hata kidogo.

Tunaihitaji sana. Tarehe 30 Januari 2019, hapa Minneapolis, baridi ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 33 chini ya sifuri za Sentigredi. Kwa baridi ya namna hiyo, nyumba isiyo na joto hupoa upesi, maji huganda kwenye mabomba na mabomba hupasuka. Lakini tukumbuke kwamba hita ni moto uliowashwa ndani ya nyumba iliyofungwa kila upande. Ukiutunza utakupa joto miaka mingi. Ukiuchezea, unaweza kuidhuru familia nzima usiku mmoja.

Tuanze na jina

Kamusi zitakupa neno "tanuri". Lakini ukimpigia simu bibi yako Tanga ukamwambia mna tanuri chini ya nyumba, atauliza mmeanza lini kuuza mikate. Wengi wetu hapa tunasema "hita", wengine "fanesi". Sisi tutasema hita.

Watoto, jambo moja la kujivunia: mwaka 1919 mwanamke Mmarekani mweusi aitwaye Alice H. Parker, wa Morristown, New Jersey, alipewa hataza, yaani hati ya uvumbuzi, kwa mpango wake wa kupasha nyumba joto kwa gesi. Wakati huo nyumba nyingi zilitegemea kuni na makaa ya mawe. Yeye alichora mfumo wa kuvuta hewa baridi, kuipasha moto kwa gesi, kisha kuisambaza vyumbani kwa njia mbalimbali. Ukisimama karibu na tundu la hewa la chumbani kwako, mkumbuke.

Inavyofanya kazi

Ukutani kuna kifaa kidogo kinachopima joto la nyumba. Hicho ni themostati. Chumba kikipoa kuliko kiwango ulichoweka, themostati huiita hita iwake. Feni ndogo huanza kwanza kuvuta hewa kuelekea bomba la moshi, kisha kiwashio huwa chekundu kwa moto, koki ya gesi hufunguka na gesi hushika. Kuna kijiti cha chuma kinachokagua kama moto umewaka kweli. Kisipouona moto, kinaamuru gesi ifungwe ndani ya sekunde chache.

Moto huo hauchanganyiki na hewa mnayovuta. Fikiria sufuria ya mchuzi: moto uko chini, mchuzi uko ndani, na chuma kiko katikati. Katika hita pia, moto hupita ndani ya chumba cha chuma, na hewa ya nyumba hupita nje ya chuma hicho ikapata joto. Kisha feni kubwa huisukuma hewa hiyo hadi vyumbani. Moshi wa gesi nao hutoka nje kwa dohani juu ya paa, au, katika hita nyingi za kisasa, kwa bomba jeupe la plastiki linalotokeza ukutani.

Hatari mbili zenye sura tofauti

Hatari ya kwanza ni gesi kuvuja kabla haijaungua. Gesi asilia haina harufu. Harufu ya mayai viza unayoisikia imetiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilijaa chini ya jengo la shule bila mtu kujua. Cheche ya mashine ya umeme ikailipua. Walikufa karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Mwaka huo huo Texas ikapitisha sheria ya kutia gesi harufu. Kwa hiyo harufu ile mbaya ni ulinzi uliogharimu maisha ya watoto. Usiipuuze.

Wale waliozoea mitungi ya gesi ya Dar es Salaam au Nairobi wajue tofauti moja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Gesi ya bomba ya hapa ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu na kuenea nyumbani. Usidhani kwamba ukiwa orofani uko salama.

Hatari ya pili ni hewa ya kaboni monoksaidi. Hii hutokea gesi, mkaa, kuni au petroli inapoungua bila hewa ya kutosha, au moshi wake unapokosa njia ya kutoka. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, tena inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, miguu inakosa nguvu, kisha usingizi. Kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema zaidi ya watu 400 hufa nchini humo kila mwaka kwa sumu hii bila kuwapo ajali ya moto.

Watu wengi hudhani ni mafua. Angalieni dalili hizi: hamna homa, mnaumwa watu kadhaa kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Hayo si mafua.

Kazi yako ndani ya nyumba

Mambo matano ni yako. Hayahitaji fundi.

La kwanza, themostati. Iweke kwenye HEAT, na swichi ya feni iweke kwenye AUTO, ili feni izunguke tu hita inapowaka. Nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Sentigredi, zinatosha watu wazima wenye afya wanapokuwa macho. Mkiwa na mtoto mchanga au mzee, ongezeni kidogo. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha joto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa nane kila siku, kwa mfano mkiwa kazini au mmelala, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka. Lakini ukipandisha hadi 85 ili nyumba ipate joto haraka, hita nyingi hazitaongeza mwendo. Zitawaka kwa nguvu ile ile, ila zitachelewa kuzima. Na mkisafiri, msizime kabisa. Acheni angalau nyuzi 55 (13 za Sentigredi) ili mabomba yasigande.

La pili, filta. Kazi yake ni kama ya chujio la chai, ila inachuja vumbi. Ikiziba, hewa haipiti, chuma kinapata joto kupita kiasi, na hita inajizima yenyewe kujilinda. Itazame kila mwezi, na ile nyembamba ya inchi moja ibadilishe kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kabla ya kuitoa, zima hita kwenye themostati. Soma vipimo kwenye fremu ya filta ya zamani na ununue vile vile. Kwenye fremu kuna mshale: uelekee upande wa hita, kule hewa inakokwenda. Usikimbilie filta nzito kuliko zote dukani ukidhani ndiyo bora, kwa sababu hita ya zamani inaweza kushindwa kuvuta hewa kupitia humo. Kitabu cha hita kitakwambia aina inayofaa.

La tatu, nafasi. Acha kama mita moja wazi kuizunguka hita. Petroli, rangi, vimiminika vya kusafishia, maboksi na nguo visikae karibu. Matundu ya hewa vyumbani yasifunikwe na zulia, kochi wala mapazia.

La nne, mabomba ya nje. Theluji ikianguka sana, au upepo ukiirundika ukutani, nenda ukaiondoe taratibu kwenye midomo ya mabomba. Bomba likiziba, hita hujizima, au moshi hurudi ndani. Watoto mliozoea kujenga majumba ya theluji, msiyajenge hapo.

La tano, na kubwa kuliko yote: king'ora cha kaboni monoksaidi. Sheria ya Minnesota inataka kiwepo ndani ya futi 10, yaani mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Kijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe. Nyuma yake kuna tarehe. Ving'ora hivi huzeeka baada ya miaka 5 hadi 10 kutegemea aina, na kilichozeeka hakikulindi hata kikitiwa betri mpya. Wafundishe watoto sauti zake: milio minne, kimya, milio minne tena, maana yake ni kaboni monoksaidi. Milio mitatu mitatu ni moshi wa moto. Mlio mmoja mfupi kila baada ya muda ni betri au uzee wa kifaa.

Hita ikigoma

Usiku wa manane nyumba imepoa na hita imenyamaza. Kabla ya kumwita fundi, kagua haya kwa utulivu. Je, themostati iko kwenye HEAT na imewekwa juu ya joto la chumba? Betri zake zina nguvu? Ubavuni mwa hita au ukutani karibu nayo kuna swichi inayofanana na ya taa. Mara nyingi mtu huizima bila kujua akidhani ni taa ya stoo. Je, imewashwa? Swichi ya umeme wa hita kwenye boksi la ukutani haijakatika? Mlango wa hita umefungwa sawasawa? Ukiwa wazi kidogo tu, hita haiwaki. Filta imeziba? Mabomba ya nje yamefunikwa na theluji?

Kama yote hayo ni sawa, tazama koki ya gesi kwenye bomba linaloingia kwenye hita. Mkono wake ukilala sambamba na bomba, gesi imefunguliwa. Ukikatiza bomba, imefungwa. Ukikuta imefungwa, usiifungue mwenyewe: huenda kuna mtu aliifunga kwa sababu. Uliza kampuni ya gesi.

Unaweza kuzima swichi ya hita, kungoja dakika chache na kuiwasha tena mara moja. Ikigoma, acha. Kuiwasha mara kumi hakuiponyi, na kunaweza kulimbikiza gesi. Kwenye kidirisha kidogo cha mlango kuna taa inayopepesa. Hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kutulia, uandike. Namba hiyo humwambia fundi mahali pa kuanzia.

Kazi ya fundi

Sasa tumefika mpakani. Chochote kinachohusu gesi yenyewe, moto wenyewe na njia ya moshi, ni cha fundi mwenye leseni. Kupima na kurekebisha nguvu ya gesi kunahitaji kipimo maalumu na mafunzo. Ikiwa nyingi, moto hupita kiasi. Ikiwa ndogo, huungua vibaya na kutoa sumu. Macho hayatoshi kupima jambo hilo.

Hata hivyo, macho yako yana kazi. Kwa kidirisha, moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa njano na unayumbayumba, au ukiona masizi kwenye hita, zima na mpigie fundi.

Mwite pia mara moja kila mwaka, ikiwezekana kabla ya Oktoba, hita ikiwa bado haijaanza kazi nzito. Atapima gesi, atakagua dohani, atasafisha kijiti cha kuonea moto, na atatafuta nyufa kwenye kile chumba cha chuma. Mhenga alisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni mkaidi zaidi, kwani hauzibwi kwa gundi wala bati. Chumba cha chuma hubadilishwa, au hita nzima.

Kufunga hita mpya ni kazi yake vile vile. Kuna kibali cha mji, na mkaguzi huja kuthibitisha. Hita kubwa mno kwa nyumba huwaka na kuzima kila mara na kuchakaa upesi, kwa hiyo fundi mzuri hupima nyumba kwanza. Tunajua sote tuna binamu au shemeji hodari anayejua kila kitu, na hita iliyotumika huuzwa bei rahisi. Mkaribisheni shemeji chakula. Hita mwachieni mwenye leseni.

Watoto, mara nyingi ninyi ndio wakalimani fundi anapokuja. Mulizeni mambo matatu kwa niaba ya wazazi: Umeona ufa wowote? Moshi unatoka nje vizuri? Umepima kaboni monoksaidi, na umepata kiasi gani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya fundi, yasiishie mdomoni.

King'ora kikilia, au mkisikia harufu ya gesi

King'ora kikilia milio minne minne, tokeni wote nje, hesabuni watu, pigeni 911. Msirudi ndani hata kama mnajisikia vizuri, mpaka wazima moto waseme ni salama.

Mkisikia mayai viza, msiguse swichi yoyote, kuwasha wala kuzima. Msipige simu mkiwa ndani, msiwashe kiberiti, msiwashe gari gereji. Msipoteze muda kufungua madirisha. Tokeni, nendeni mbali na nyumba, kisha pigeni 911 au namba ya dharura ya kampuni ya gesi. Mzazi asiyejiamini kwa Kiingereza aseme anwani yake na neno moja: "Swahili". Vituo vingi vya 911 vina wakalimani kwa simu.

Mkaa ubaki nje

Jambo hili linatuhusu sisi hasa. Nyumbani wengi tulikua na jiko la mkaa, na jiko hilo lilikaa uani au kwenye jiko la nje lenye matundu ya kupitisha hewa. Hata hivyo, sehemu zenye baridi kama Njombe na Limuru, watu wamekufa kwa kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Nyumba za hapa zimezibwa zaidi ya hizo, kila ufa umejazwa ili baridi isiingie. Sumu nayo haipati pa kutokea.

Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwa baridi kali, watu wengi walikimbizwa hospitali kwa sababu walijaribu kujipasha joto kwa mkaa, jenereta au gari lililoachwa likiwaka gereji. Miongoni mwao walikuwamo wahamiaji. Hita ikifa usiku, msilete jiko la mkaa ndani, msiwashe oveni ya gesi ikiwa wazi, msiwashe gari gereji hata mlango ukiwa umefunguliwa. Kusanyikeni chumba kimoja, vaeni nguo nyingi, jifunikeni mablanketi, au mgongeeni jirani. Hakuna aibu kubisha hodi saa nane za usiku kwa ajili ya watoto.

Wale wanaofukiza ubani na udi, kaa la chetezoni ni mkaa pia. Chetezo cha umeme kinatoa harufu ile ile nzuri bila kaa.

Mliopanga nyumba

Mpangaji haruhusiwi kuachwa kwenye baridi. Tangu Januari 2024 sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la angalau nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Hita ikiharibika, mwandikie ujumbe, usiishie kwenye simu, na uuhifadhi. Mkilemewa na bili, msisubiri. Kati ya Oktoba 1 na Aprili 30 kuna kanuni ya jimbo inayowakinga wateja dhidi ya kukatiwa huduma ya joto, mradi mpige simu kwa kampuni, mkubaliane mpango wa malipo na kuufuata. Upo pia msaada wa serikali wa kulipia nishati kwa wenye kipato kidogo.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii

Mwanafunzi, mshike mkono mzazi mmoja, mzunguke nyumba. Tafuteni vitu sita: themostati, filta, swichi ya hita, koki ya gesi, mdomo wa bomba la moshi kule nje, na king'ora. Angalieni tu, msifungue chochote. Kwenye karatasi andika kwa Kiswahili kila kimoja kiko wapi, tarehe ya filta kubadilishwa, na mwaka ulioandikwa nyuma ya king'ora. Chini yake andika namba ya fundi, namba ya dharura ya kampuni ya gesi, na mahali ambapo familia itakutana nje ikibidi kukimbia. Ibandike kwenye friji.

Jumamosi ijayo tutasomeana karatasi hizo darasani. Na yeyote atakayegundua kwamba nyumbani kwao hakuna king'ora, au kilichopo kimepitwa na muda, asingoje Jumamosi. Mzazi akinunue leo, kiwekwe leo.